Fumbo Lisilo na Mfumbaji

Wahenga walisema, “Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.” Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaishia kwenye maana yake ya juu, kwamba mwerevu hafichwi jambo. Lakini imo ndani yake imani nyingine, nayo ni kwamba fumbo lina mwenyewe. Yupo afumbaye na yupo afumbuaye. Katika makala haya twakusudia kusimulia habari za fumbo moja la zama hizi za intaneti ambalo mfumbaji wake hajajulikana, kisha tuone lina funzo gani kwetu walimu wa lugha.

Tarehe 4 Januari 2012 ilitokea picha nyeusi yenye maandishi meupe ya Kiingereza katika mtandao uitwao 4chan. Maandishi yalisema kwamba watu fulani wanatafuta wenye akili nyingi, na kwamba ndani ya picha hiyo umefichwa ujumbe. Mahali pa jina palitiwa tarakimu 3301 tu. Baadaye ilionekana sanamu ya nyenje, yule mdudu aliaye mitini, na kwa sababu hiyo kundi hilo likaitwa Cicada 3301, yaani nyenje kwa Kiingereza.

Waliojaribu kulifumbua waliona kwanza jina la Kaisari Klaudio likifuatwa na herufi zisizosomeka. Klaudio alikuwa Kaisari wa nne wa Roma. Basi kila herufi iliporudishwa nyuma nafasi nne, maneno yakasomeka. Yaliwapeleka kwenye picha ya bata, na maneno ya mzaha yaliyoandikwa juu ya bata yule yalificha jina la programu ya kutolea siri zilizomo pichani. Kutoka hapo walifikia namba ya simu ya Texas, ambako sauti iliyorekodiwa iliwaagiza kuzidisha namba tasa tatu. Moja ilikuwa 3301. Mbili, 509 na 503, zilikuwa vipimo vya picha ile ya kwanza. Jawabu, 845145127, ndilo lililokuwa anwani ya mahali pengine katika intaneti.

Hapo fumbo likatoka mitamboni likaingia mitaani. Matangazo yenye sanamu ya nyenje yalikutwa yamebandikwa Warsaw, Paris, Seoul, Miami na kwingineko. Hata fasihi ilihitajiwa, kwa kuwa ufunguo mmoja ulikuwa “Agrippa”, shairi la William Gibson la mwaka 1992, lililotolewa katika kisahani cha kompyuta kilichotengenezwa kijifute baada ya kusomwa mara moja. Waliotangulia kufika walipokewa. Waliochelewa walifungiwa mlango.

Mafumbo mengine yalifuata Januari 2013 na Januari 2014. Lile la tatu lilileta kitabu kiitwacho Liber Primus, kilichoandikwa kwa herufi za kale za Ulaya ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya kurasa zake haijafumbuliwa hadi leo.

Nani alifumba? Wengi walidhani ni idara za ujasusi, na dhana hiyo haikukosa msingi, kwa maana mwaka 2011 idara ya Uingereza iitwayo GCHQ ilitumia fumbo hadharani kutafutia wafanyakazi. Mmoja wa waliopokewa aliwaeleza waandishi wa habari kwamba walipewa kazi ya kutunga programu za kulinda faragha za watu, na kwamba kazi hiyo ilififia. Hata yeye hakuwajua waliomwita.

Sasa tulinganishe na kitendawili chetu. Mtegaji husema “Kitendawili!”, naye hajibiwi ila na aliye tayari kusema “Tega!” Mteguaji akishindwa hutoa mji, ndipo hupewa jawabu. Mchezo huo una mkataba. Mtegaji anajulikana, na hawezi kuondoka na jawabu lake. Cicada 3301 walitega bila kuonekana, wakaondoka bila kudai mji. Pengo waliloacha lilijazwa na waigaji waliotunga jumbe za uongo kwa jina lao. Kwa bahati jumbe za kweli zilitiwa saini ya kihesabu isiyoweza kughushiwa kwa urahisi. Na mwaka 2017 ulitokea ujumbe wenye saini hiyo, ukiwaonya watu wajihadhari na njia za uongo na waikague saini daima.

Ndugu walimu, wanafunzi wetu hupokea kila siku jumbe zisizo na mwenyewe: zawadi wasizoziomba, maonyo ya kutisha, habari zisizo na chanzo. Tukifundisha ufahamu, tusiishie kuuliza maneno yana maana gani. Tuwazoeze kuuliza pia nani asema, amwambia nani, na kwa kusudi gani. Mwerevu wa methali yetu aliligangua fumbo kwa kuwa alimjua mfumbaji na desturi zake. Mwanafunzi asiyemjua anayemwandikia anaweza kufumbua kila herufi, na bado asijue ameitwa wapi.