Chupa ya Maji na Roketi za Ungwana

Ndugu wanafunzi wa zamani, pamoja nanyi vijana mlio madarasani hivi sasa: katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mabweni, mpira na walimu waliotulea. Safari hii naomba nafasi nieleze historia ya jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo wa watoto, yaani roketi ya chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli. Mimi ni mtumishi wa serikali, si mwalimu wa fizikia. Lakini kadiri nilivyosoma mambo haya ndivyo nilivyoona kuwa yanatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewe jinsi chupa inavyoruka. Hutiwa maji kiasi cha theluthi moja, mdomo huzibwa kwa kizibo kilichopitishwa valvu ya baiskeli, chupa hugeuzwa mdomo chini, kisha hupigwa pampu. Maji hayakubali kubanwa, ila hewa hukubali, na ikisha kubanwa hutafuta njia ya kutanuka. Kizibo kinapofyatuka, hewa huyatupa maji chini kwa nguvu, na kule kuyatupa ndiko kunakoisukuma chupa juu. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687: kila kani huleta kani nyingine iliyo sawa nayo, yenye mwelekeo wa kinyume.

Wapo wadhanio kwamba maji huipiga ardhi ndipo chupa ipande. Sivyo. Kosa la namna hiyo lilifanywa na gazeti la New York Times mwaka 1920, lilipomkejeli Robert Goddard wa Marekani kwa kufikiri kuwa roketi yaweza kwenda mahali pasipo hewa ya kusukumia. Gazeti hilo lilijisahihisha Julai 1969, wanadamu wakiwa tayari njiani kwenda mwezini.

Maji yana kazi yake. Hewa peke yake ni nyepesi mno, hata ikitoka kwa kasi msukumo wake huisha upesi. Maji yakizidi, hewa haitoshi kuyatoa yote, na chupa hubaki na mzigo. Jirani yetu Oldonyo Lengai alitupa majivu angani mwaka 2007 na 2008 kwa nguvu ya gesi iliyobanwa. Mlima haukuruka kwa sababu umeshikamana na dunia nzima. Chupa huruka kwa kuwa ni nyepesi.

Sasa tuitazame historia. Katika eneo letu mambo ya anga yalifika kwanza Unguja. Wamarekani walijenga huko kituo cha kufuatilia safari za wanaanga wao, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyompokea kwa redio. Wananchi wengi walikiogopa wakidhani ni ngome ya roketi za vita. Kwa kweli kilikuwa sikio tu, hakikurusha roketi hata moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kituo kiliondolewa mwaka huo huo.

Pa pili ni Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Profesa Luigi Broglio wa Italia alisimamisha huko jukwaa la chuma baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 roketi aina ya Scout ilirusha kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Pahali palichaguliwa kwa busara. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irukayo mashariki huupata mwendo huo bure. Loliondo yetu iko karibu zaidi na ikweta kuliko Ungwana! Lakini mashariki yetu kuna watu na mifugo, na mashariki ya Ungwana kuna bahari, ambako vipande vya roketi huweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Pa tatu ni Shaba, nchini Zaire ya wakati ule, ambako Kiswahili husemwa kama kwetu. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi huko mwaka 1977 na 1978. Mabomba membamba yalifungwa pamoja kama tita la kuni, na ndani ya kila bomba mafuta na asidi vilisukumwa na hewa iliyobanwa, bila pampu yoyote. Hapo mnaona ndugu wa chupa yetu. Tofauti ni kwamba vimiminika hivyo viliungua na kutoka kama gesi yenye kasi kubwa mno. Jaribio la Juni 1978 lilishindwa mbele ya Rais Mobutu, na mwaka uliofuata kampuni ikaondoka.

Ungwana nako urushaji ulikoma Machi 1988. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 iliporushwa Aprili 2023, ilibidi ipandie California. Ardhi, bahari na ikweta vilikuwa vyetu. Hesabu zilikuwa za wageni, nao walipoondoka waliondoka nazo. Siwalaumu, kwani hesabu haipangishwi kama shamba. Humkaa aliyeifanya kwa mkono wake.

Kwa hiyo nawaomba vijana msiishie kushangilia chupa inapopaa. Simameni mita 50 kutoka inaporukia, mpime pembe kwa kipimapembe chenye uzi na kijiwe. Pembe ikiwa nyuzi 45, chupa imepanda mita 50 juu ya jicho lako. Badilisheni kiasi cha maji, rudieni, andikeni kila jaribio daftarini. Tumieni chupa za plastiki tu, kamwe si za kioo, na msiiinamie chupa iliyokwisha jazwa hewa.

Nasi tuliomaliza zamani, tukija kwenye mkutano wetu tusije na hotuba pekee. Pampu moja, uzi, vipimapembe kumi na daftari nene havizidi gharama ya chakula cha mchana cha wageni.