Jembe, Nyumba na Kisomo cha Bibi

Ndugu zangu wa Mwanza na popote mlipo, huku Muscat joto linatunyoosha.

Oktoba 2023 Waomani walichagua wajumbe wa Majlis Shura, na kura zilipigwa kwa simu. Mzee jirani yangu hapa Ruwi, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huku miaka ya sabini, alipiga yake tukiwa tunakunywa kahawa. Akacheka: "Mwanangu, mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na shule tatu tu." Ni kweli. Shule zilianza kujengwa kila upande baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka huo, na Majlis Shura ikaja mwaka 1991. Huku shule zilitangulia, kura ikafuata.

Kwetu ilikuwa kinyume, na hapo ndipo nilipomkumbuka Bibi.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, 1958 na 1959, Waingereza waliuwekea mlango mwembamba: uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au una cheo fulani. Bibi yetu, mkulima wa pamba asiyejua hata herufi moja, angepitia wapi? Tulipopata uhuru Desemba 1961, watu wazima wengi walikuwa kama yeye. Serikali ingeweza kuwaambia wasubiri wasome kwanza. Haikufanya hivyo. Novemba 1962 kura ya rais ilikuwa ya watu wazima wote, na Mwalimu Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1965 tukaingia chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Wapo wanaosema wazee wale walipiga kura gizani. Mimi sikubali. Mwaka ule ule waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa hapo hapo kwetu Mwanza. Watu walijua wanachokifanya.

Lakini kura ni ya siku moja. Bibi alikuwa akitusimulia jinsi alivyopeleka pamba kuuza, karani akamwandikia uzito pungufu kwenye risiti, naye akaifunga kwenye pindo la kanga na kurudi nyumbani. Mbunge alimchagua mwenyewe, ila karani hakuwa na la kumwuliza.

Ndipo kikaja kisomo. Kwetu Kanda ya Ziwa kilianza mapema, mwaka 1968, kwa mradi wa UNESCO, na watu walijifunza herufi kwa masomo ya kilimo cha pamba. Mwaka 1970 Mwalimu akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasiojua kusoma walikuwa takribani asilimia 67; kufikia 1975 walikuwa 39. Bibi alisoma jioni chini ya mwembe, akifundishwa na kijana wa darasa la saba. Msimu uliofuata aliisoma risiti mbele ya karani, na karani akairekebisha. Kisa hicho alikisimulia kuliko kura zote alizopiga.

Najua mtasema chama kilikuwa kimoja na kisomo kilikuwa cha kukisifu. Kweli, kilisifu. Ila ukishamfundisha mtu kusoma, huwezi tena kumchagulia cha kusoma.

Nilipokuja likizo mara ya mwisho nilikuta karatasi ya mapato na matumizi imebandikwa ukutani pale kijijini, imefifia kwa jua. Sisi sote tumesoma, na hakuna aliyesimama kuisoma, mimi nikiwemo. Niliona aibu mbele ya Bibi, ingawa ametangulia.

Basi naomba jambo moja. Mkutano wa kijiji ujao, watoto wetu wa sekondari waende. Mmoja aisome karatasi hiyo kwa sauti, nyinyi wakubwa mwulize maswali. Kisha mnipigie mnieleze mlijibiwa nini.

Wasalimieni wote. Mbaki salama.