Mirathi na Chanzo cha Aljebra

Kitabu kilichoipa aljebra jina lake aliandika al-Khwarizmi mjini Baghdad, katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun (813–833). Sehemu yake kubwa yahusu wasia na mirathi. Sura ya An-Nisaa imeweka mafungu ya warithi: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, maneno ambayo Kiswahili nacho kimeyapokea. Lakini marehemu akiacha mjane, watoto, deni na wasia kwa asiye mrithi, mafungu hayo huingiliana, na kiasi kisichojulikana hakina budi kutafutwa kwa kanuni. Kwa maoni yangu, wajibu huo wa kidini uliichochea sana elimu hii. Ajabu ni kwamba neno sifuri tulilipata kwa Waarabu wenyewe, ilhali aljebra ilitufikia kupitia Kiingereza.