Rungwe, mahali mlima unapoinyima injini pumzi

Mkungu wa ndizi uliokatwa Tukuyu haufiki Uyole, mlangoni mwa Mbeya, bila kupanda kwanza. Mji uko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Mbeya hupita ubavuni mwa Mlima Rungwe, ikavuka mita 2,000 maeneo ya Isongole, ndipo ianze kushuka. Mchele wa Kyela una kazi kubwa zaidi, maana huanzia mita kama 500, karibu na Ziwa Nyasa. Kuinua tani moja kutoka huko hadi Isongole kunakula karibu lita moja na nusu ya dizeli, kwa ajili ya kimo peke yake. Hapo hujahesabu umbali, kona, tope, wala uzito wa gari lenyewe.

Kabla ya injini, hesabu hiyo ililipwa na mabega ya watu. Wajerumani walipouacha mji wao wa Langenburg ufukweni mwa ziwa na kujenga Neu-Langenburg huku juu, ndiyo Tukuyu ya leo, kila sanduku lilipandishwa na wapagazi. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalipouteka mji Mei 1916, nayo yalikuwa yakila chakula kilichobebwa vichwani.

Oktoba 1925 Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kenya, aliwaita wenzake wa huko, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini wakutane Tukuyu. Wanahistoria huuchambua mkutano ule kwa siasa yake, ndoto ya himaya ya wazungu kutoka Nairobi hadi Zambezi, na wana haki. Mimi nauona pia kama habari ya usafiri. Mji uliokuwa mwisho wa njia ya wapagazi ulianza kuhesabiwa kama mahali pa kufikika kwa gari. Baadaye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, yalipojaa watu, walihitaji kula, na Rungwe ilikuwa na mchele na ndizi. Hapo mzigo wa kupandishwa ukapatikana, na kahawa ikaongezeka juu yake.

Lakini malori ya enzi hizo yalikuwa na ugonjwa ambao fundi hakuweza kuutibu kwa spana. Injini huchoma mafuta kwa hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini inayovuta hewa yenyewe, bila kusaidiwa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ikifika Isongole, karibu sehemu moja ya tano imekwenda, na ni pale pale ambapo dereva anaihitaji. Maji nayo huko juu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo rejeta yenye kifuniko kibovu hutokota mapema. Bahati ya Rungwe ni mvua: utingo mwenye dumu hakosi kijito.

Dawa ya hewa nyepesi ilikuwa imekwisha kujaribiwa mbali na hapa. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo la kutumia moshi wa injini kuzungusha feni ya kusukuma hewa ndani, ndiyo turbo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege, aina ya Liberty, hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,200. Bondeni ilitoa nguvu za farasi 350. Kileleni ikatoa 230. Ilipofungwa turbo ikarudi hadi 356. Jaribio zuri sana, ila madereva wa Tukuyu walisubiri miongo mingi kuona faida yake.

Kwa muda huo kilichowaokoa ni gia. Land Rover, iliyoanza kuuzwa 1948, ilikuwa na boksi la pili la gia ndogo, na baadaye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 62 tu. Ilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, lakini ilipanda. Peugeot 404 ilijipatia jina kwa kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ndugu yake pikapu akanufaika na sifa hizo. Kwenye malori, utingo alikaa tayari na kabari mkononi: gari likizidiwa, anaruka chini kulikingia tairi la nyuma.

Mizani ilibadilika miaka ya 1980. Vita vya Msumbiji viliikatia Malawi reli zake za Nacala na Beira, na mizigo yake ikaelekezwa Dar es Salaam kupitia Mbeya. Barabara ya Uyole hadi mpakani Kasumulu ikawa njia ya matangi ya mafuta na semitrela. Lori la Scania lilikuwa na turbo tangu zamani. V8 yake ya 1969 ilitoa nguvu za farasi 350, na dereva wake hakuomboleza tena akifika Isongole.

Nje ya lami mambo ni tofauti. Kwenye njia za mashambani za Kinyala na kata nyingine, turbo si kila kitu. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo na bado inaheshimiwa, kwa sababu inavuta tangu mzunguko wa chini na fundi wa kijijini anaielewa. Kwa maoni yangu, anayenunua pikapu ya kubebea ndizi kwa kusoma idadi ya farasi peke yake anasoma ukurasa usiofaa.

Na nguvu za kupanda zimezaa tatizo la kushuka. Injini inayopandisha tani 30 bila kulalamika huzikabidhi kwa breki upande wa pili. Mteremko wa Igawilo, mzigo unapokaribia Uyole, umeua watu. Julai 2018 lori lililoshindwa kusimama liliyavaa magari mengine pale, na serikali ikalazimika kuangalia upya jinsi malori yanavyoteremka kuingia Mbeya. Gia iliyokuwa ya kupandia ndiyo hiyo hiyo dereva anatakiwa kuiingiza kabla hajaanza kuteremka.