Manganizi Ifyonzekayo

Neno manganizi, ambalo baadhi ya waandishi hulipendelea kwa sura ya manganisi, lilitufikia kwa njia ya vitabu vya elimu wala si kwa majahazi, ingawa Waarabu nao hutumia jina linalokaribiana nalo, na ndiyo maana sikio la mtu wa pwani halishtuki sana kulisikia. Ule unga mweusi wa betri za tochi, uchafuao vidole vya watoto wazipasuao, ndani yake mna manganizi iliyoungana na oksijeni. Isichanganywe na magnesi, ambayo ni maada nyingine kabisa, japokuwa majina yote mawili asili yake ni Magnesia ya Uyunani.

Katika jani la ngano, chembe nne za manganizi, zikishirikiana na kalisi, ndizo zinazoyapasua maji kwa nguvu ya mwanga hata oksijeni ikatoka. Na jani likipungukiwa, yaani likiwa na chini ya miligramu 20 hivi katika kilo moja ya majani makavu, hugeuka manjano baina ya mishipa yake, likalegea, na mizizi nayo ikadhoofu mbele ya kuvu waiozeshao.

Hapo ndipo istilahi zetu zinapohitaji kuangaliwa vizuri. Tumezoea kusema "kiwango cha manganizi katika udongo", kana kwamba wingi ndio hoja, ilhali kinachomfaa mmea ni kile tu ambacho mizizi inaweza kukifyonza. Kwa hiyo mimi naona heri tuseme manganizi ifyonzekayo, na ile jumla tuiite manganizi yote. Neno "madini" peke yake silipendi hapa: mwambie mkulima wa Mkwajuni, aliye jirani na machimbo ya dhahabu ya Lupa, kwamba shamba lake lina madini, naye atakwenda kutafuta sururu.

Tofauti ya istilahi hizo mbili yaonekana wazi katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambako ngano si zao kuu kama mahindi na kahawa. Nyanda za juu za Mbozi zina mvua nyingi na udongo mwekundu wenye tindikali, na mbolea za SA na urea, zitiwapo mwaka baada ya mwaka, huizidisha tindikali hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, manganizi iliyokuwa imeganda huyeyuka, na ngano huinywa kupita haja yake hata majani ya chini yakatoka madoa ya kahawia. Maji yakituama shambani mambo huwa ni yayo hayo, kwa kuwa hewa huondoka udongoni; lakini mpunga, kama ule wa bonde la Kamsamba, huistahimili manganizi nyingi kuliko ngano.

Dawa ni chokaa, nayo ina hatari yake, kwani anayeimwaga kwa pupa hata pH ikapita 7 huifunga manganizi udongoni, na ngano yake ikabaki na njaa kama tajiri aliyepoteza ufunguo wa kasha lake. Maabara ikipima manganizi yote kabla na baada ya chokaa, itapata hesabu ile ile. Basi apelekaye udongo kupimwa aombe ile ifyonzekayo, pamoja na pH.

Ama malisho, sheria yake ni nyingine. Ng'ombe wa nyama anayekua hutosheka na miligramu 20 hivi katika kilo ya chakula kikavu, na jike la kuzaa huhitaji 40. Akipungukiwa, mimba hukawia kushika na ndama huzaliwa na miguu iliyopinda na viungo vilivyovimba. Nyasi za udongo wenye tindikali aghalabu huwa na zaidi ya hapo, na ng'ombe huvumilia mengi, ijapokuwa ikizidi mno humzuia kupata chuma cha kutosha. Mwenye kulisha punje za mahindi, ambazo zimejaa Tunduma wakati wa mavuno, ndiye wa kuangalia zaidi, kwa maana mahindi yana manganizi haba sana. Ilhali katika ngano sehemu kubwa ya manganizi imo katika maganda, hivyo kinu kinachotoa unga mweupe kwa mwokaji humwachia mfugaji pumba zilizo bora kwa jambo hili.