Rubani Alipopanda Nyanda za Juu

Wapenzi wa lugha, yapo maneno yaliyotoka baharini, yakapanda milima, na maana yake ya kale ikayafuata hadi huko. Leo nalichukua neno rubani, nilifuatishe na njia ya ndege iliyopita Mbeya zamani, kisha nilipime kwa swali la siku hizi: mwenye leseni ya rubani binafsi aweza kuendesha jeti ndogo?

Katika Kiswahili cha bandarini, nahodha na rubani hawakuwa mtu mmoja daima. Nahodha ndiye mwenye amri ya chombo. Rubani ndiye ajuaye njia: mkondo wa maji, mwamba uliojificha, mlango wa kuingilia bandarini. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, pamoja na mengi ya ubaharia. Chombo kikikaribia bandari ngeni, nahodha, pamoja na cheo chake chote, humsikiliza rubani.

Kilipokuja chombo cha angani, Kiswahili kilikopa kwa nyumba mbili. Kwa ndege wa porini kilitwaa jina lenyewe, bawa, mkia na kutua. Kwa bahari kilitwaa abiria, shehena, usukani na rubani. Jina eropleni lilisikika pia, lakini ndege ndiyo iliyoshinda, nayo ilibeba maana yake nyingine ya kale, yaani ishara ya heri au shari inayomkuta msafiri.

Mbeya iliingia katika historia hii mapema. Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kupeleka barua kutoka London hadi Cape Town. Abiria wakafuata mwezi Aprili. Safari nzima ilichukua takriban siku 11. Kutoka Nairobi ndege ilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ikavuka kwenda Mpika, katika Zambia ya leo. Hebu tuitazame njia ile kwa jicho la rubani. Dodoma palikuwa na reli ya kati, lakini reli ile huenda mashariki na magharibi. Kwa aendaye Mbeya haikuwa mwongozo. Reli ya TAZARA haikukamilika hadi miaka ya 1970. Rubani alibaki na ramani, dira na macho yake: Mto Ruaha Mkuu, mbuga za Usangu, halafu milima. Ukungu ukifunika safu zile, alama zote hupotea, sawa na mwamba uliofunikwa na maji kujaa.

Adui wa pili hakuonekana kabisa. Uwanja wa zamani wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nduli, Iringa, takriban mita 1,400. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hudai mwendo zaidi, na ndege huhitaji uwanja mrefu ili ipae. Ndiyo maana ndege aina ya Atalanta, yenye injini nne na nafasi ya abiria 9, iliundwa ikilengwa sehemu hii ya njia, yenye joto na viwanja vya juu. Ilianza kazi hapa mwaka 1933.

Mwaka 1937 njia kuu ilihamia ndege za kutua majini, zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa kando. Rubani alirudi kutia nanga katika bandari zile zile zilizompa jina.

Sasa nirudi kwenye jeti. Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, na mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kazi yake. Jeti hudai zaidi: idhini ya aina ile ile ya ndege, na kwa safari za mawinguni, idhini ya kuruka kwa kusoma vipimo pasipo kuona nje. Mtu akizipata, sheria humruhusu. Cessna Citation Mustang, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, yaweza kuongozwa na mtu mmoja. Kutoka Nduli hadi Songwe, uwanja uliofunguliwa mwaka 2012, ni takriban kilomita 300 angani; jeti huzimaliza kwa kama nusu saa. Safari ya rubani wa 1932 ilimpa muda wa kusoma milima. Jeti hukunyima muda huo. Milima sharti uwe umeisoma kabla ya kupaa.

Hapa ndipo tofauti ya kale inaponifaa. Leseni hukupa unahodha: amri, haki ya kukaa mbele. Urubani ni kujua kwamba mchana wa joto Nduli hauna hewa ya Dar es Salaam, na kwamba ukungu waweza kuficha mlima. Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hewa inayoushika ubawa huo haikuulizi cheti.

Kamusi za leo zimekaribia kumfanya rubani awe mwendeshaji tu. Washairi wenzangu, mkimtaja katika beti zenu, mrudishieni maana ya mjuzi wa njia. Tukiipoteza, tutabaki na manahodha wengi wenye vyeti, na hatutakuwa na neno la kumwitia yule tunayemhitaji ukungu ukishuka juu ya Loleza.