Injinia ni Mtu Gani?

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana karatasi yake ya somo mkononi. Leo tutazungumza habari za kazi ambayo wengi huitaja, lakini wachache huijua. Ni kazi ya injinia, au kwa neno lingine, mhandisi.

Ukiuliza barazani hapa Mtwara, "Injinia ni mtu gani?" utapata majibu mengi. Mmoja atasema, "Ni fundi wa mitambo, mwenye nguo za mafuta." Wa pili atasema, "Ni bwana mkubwa mwenye kofia ngumu, ashukaye garini na kuamrisha wengine." Wa tatu atasema, "Ni mtu wa hesabu tu, hana habari na watu." Na wa nne atasema, "Ni kazi ya wanaume." Basi tuyapime majibu hayo kwa mambo yaliyotokea huku kwetu kusini.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mhandisi ni neno lililotoka katika Kiarabu. Handasa ni elimu ya vipimo na maumbo. Kwa hiyo mhandisi, tangu asili ya neno, ni mtu wa kupima. Fundi wa mashua wa Mikindani naye hupima, lakini hupima kwa jicho na kwa ujuzi aliorithi kwa wazee wake. Mhandisi hupima kwa vyombo, kisha huandika hesabu yake na kuchora ramani ya kazi, ili mwenziwe aikague kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Fundi ni mkono wa kazi, na bila yeye hakuna kijengwacho. Lakini fundi na mhandisi si mtu mmoja.

Sasa sikilizeni habari za karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilituma wataalamu watatu Afrika ya Mashariki kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi. Baada ya safari ya majuma machache, walishauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa iwe Tanganyika. Mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea.

Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Ndipo ikaamuliwa kujenga reli, na bandari ya maji marefu hapa Mtwara. Treni zilianza kwenda Nachingwea mwaka 1949, kutoka pwani ya upande wa Lindi. Bandari ya Mtwara ikakamilika mwaka 1954. Lakini angalieni tarehe! Mpango wa karanga ulikuwa umekwisha kuachwa mwezi wa Januari 1951, baada ya kupoteza pauni kiasi cha milioni 36. Bandari ilikuwa tayari, reli ilikuwa tayari, na karanga hazikuwapo. Reli ilikosa mizigo ya kutosha, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Je, reli ilijengwa vibaya? Hasha. Treni zilipita juu yake kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa mahali pengine. Mambo makubwa hayakupimwa vya kutosha kabla ya kuanza. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, majembe ya matrekta yakavunjika, na mvua hazikutosha. Wagogo wa pale waliujua ukame wa nchi yao tangu mababu. Lakini kazi ilikwenda mbio, na mwenye mbio hana nafasi ya kuuliza.

Hapo ndugu, jibu la tatu linaanguka. Injinia asiye na habari na watu hajamaliza kupima. Anaweza kujenga kitu imara kabisa, nacho kikakosa kazi. Kupima chuma na udongo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuuliza: Nani atakitumia kitu hiki? Atakitumia kwa nini? Nani atakitunza?

Lakini tusiseme yote yalipotea. Maji marefu ya Mtwara hayakuondoka na karanga. Bandari ile imehudumia korosho zetu miaka mingi, na baadaye ikaongezewa gati jipya la mita 300.

Sasa twende mto Ruvuma. Watu wa Kilambo, karibu na mdomo wa mto, wanajua kwamba mchanga huhama, maji hujaa na kupwa, na kivuko hungojea maji. Ndiyo maana mhandisi wa daraja huanza chini, si juu. Hutoboa ardhi kutafuta mahali pa kusimamisha nguzo. Huuliza mto ulifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa. Wazo la kuunganisha Tanzania na Msumbiji kwa daraja lilianza enzi za Mwalimu Nyerere na Samora Machel. Ujenzi ulianza mwaka 2005, huko juu Mtambaswala, mbali na pwani. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010. Halikujengwa na bwana mmoja mwenye kofia. Walikuwako wapima ardhi, mafundi wa chuma, wachanganya zege, madereva na vibarua. Mhandisi ni mmoja wao, na mzigo wake ni huu: hesabu ikikosewa, yeye ndiye wa kujibu. Kwa sababu hiyo nchi yetu ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiyesajiliwa haruhusiwi na sheria kufanya kazi hiyo kwa jina la mhandisi.

Na je, ni kazi ya wanaume? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Leo wanawake wamo katika daftari la Bodi. Kipimo hakijui mkono wa mwanamume wala wa mwanamke. Basi wewe mzazi, binti yako akipenda hesabu, usimwambie aziache.

Neno la mwisho ni lenu ninyi. Siku moja injinia atafika kijijini kwenu na darubini yake ya kupimia, kutafuta mahali pa kalavati au kisima. Msimwogope, wala msinyamaze. Mwonyesheni maji yanapopita wakati wa mvua. Mwonyesheni kisima kilichokauka, na mwambieni kilikauka mwaka gani. Yeye ana chombo, ninyi mna miaka. Kuuliza si ujinga, na kumweleza aulizaye ni kujenga pamoja naye.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Fundi na mhandisi wanatofautianaje?
2. Kwa nini reli ya Nachingwea ilifungwa?
3. Kuna kitu gani kijijini kwenu kilichojengwa imara lakini hakitumiki? Nani hakuulizwa?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.